Kasha Limefungwa, Ufunguo Haupo: Soma Hapa Kabla ya Kushika Bisibisi

Swali hili halikomi, linabadilika sura tu. Mmoja ameachiwa kasha la njumu na bibi yake Pemba. Mwingine ana bweta la mninga la marehemu baba. Wa tatu ana tranka la bati lililokaa juu ya kabati tangu mama yake alipostaafu ualimu. Barua zote huishia pamoja: ufunguo umepotea, nalifunguaje bila kuliharibu?

Jibu langu la kwanza ni lile lile kwa wote: weka bisibisi chini. Makasha yanayoharibika huharibika katika robo saa ya kwanza, mwenyewe ana hamu na ndugu wamemzunguka wakimhimiza. Anachomeka ncha ya bisibisi kwenye mwanya wa kifuniko, anakandamiza, mbao inalia, ukingo unachanika. Kitasa kinabaki kimefunga vilevile. Kitasa unaweza kukibadilisha, kukichongea ufunguo, ukizidiwa hata kukikata. Kifuniko cha msaji kilichopasuka hakina spea. Yote yanayofuata yanasimama juu ya jambo hilo: ukilazimika kupoteza kitu, poteza kufuli, usipoteze mbao.

Je, ni lako kulifungua?

Najua umekuja kutafuta ufundi, si sheria. Lakini kama mwenye kasha amefariki na mirathi haijagawanywa, kasha hilo si lako bado, hata kama limelala chumbani kwako miaka yote. Ndani yake panaweza kuwa na wosia, hati ya shamba, dhahabu au daftari la madeni. Ukilifungua peke yako usiku, asubuhi utakuwa na kazi ya kueleza kilichokuwemo na kisichokuwemo.

Fanya hivi:

- Mjulishe msimamizi wa mirathi. Kama hajateuliwa, subirini ateuliwe. Kwa familia za Kiislamu Zanzibar na Kenya, mambo haya hupitia Mahakama ya Kadhi.
- Fungueni mbele ya watu wawili au watatu wa pande tofauti za familia, si wa mama mmoja pekee.
- Pigeni picha kabla ya kugusa kitu, kisha andikeni orodha na kila mmoja atie sahihi.

“Sisi hatugombani,” utaniambia. Sawa, lakini hamjaona bado kilichomo.

Hakikisha limefungwa kweli

Baadhi ya makasha “yaliyofungwa” yamekwama tu. Pwani yetu ina unyevu na chumvi hewani. Msimu wa masika mbao huvimba, vanishi ya zamani hunata, na kifuniko hushikana na mwili wa kasha kana kwamba kuna mtu anakivuta kwa ndani.

Chukua kipande cha plastiki nyembamba na ngumu. Picha ya eksirei iliyokatwa utepe inafaa sana. Ipitishe polepole kwenye mwanya wa kifuniko, kuzunguka pande tatu. Ikipita kote na kugota mahali pamoja tu, mbele katikati, hapo ndipo penye ulimi wa kitasa: limefungwa. Ikigota sehemu nyingi, au ikinata, huenda ni vanishi na uvimbe. Liweke kasha kwenye chumba kikavu chenye upepo kwa wiki kadhaa, mbali na jua. Jua kali hukausha upande mmoja kwa haraka na kuipinda mbao. Kisha jaribu tena kwa viganja vya mikono, si kwa chuma.

Usilitikise kusikiliza kilichomo. Wazee wetu waliweka chupa za mafuta ya uturi, vikombe vya kaure na miwani humohumo pamoja na karatasi.

Utafute ufunguo kabla ya kumtafuta fundi

Watu huruka hatua hii kwa sababu wanaamini wameshatafuta. Mara nyingi wametafuta mahali ambapo wao wangeuweka. Swali ni mwenye kasha aliuweka wapi.

- Pindo la kanga au leso iliyohifadhiwa. Bibi zetu walifunga funguo humo, na kanga ikifuliwa ufunguo ulihamia kwenye mkebe wa biskuti wenye nyuzi na sindano.
- Kijaluba cha tambuu, hata kama hakitumiki tena.
- Juu ya fremu ya mlango, na ndani ya shubaka kama nyumba ni ya mawe.
- Chini ya kasha lenyewe, nyuma yake, au kwenye droo za chini kama lina droo. Pitisha vidole chini ya ukingo taratibu, ukiwa umemulika tochi kwanza. Kasha lisilosogezwa miaka mingi ni makazi mazuri ya nge na tandu.
- Kwenye kitita cha funguo “zisizojulikana” ambacho kila nyumba inacho. Usitupe hata mmoja kabla ya kazi hii kwisha.

Kisha piga simu. Familia nyingi za Unguja na Pemba zilitawanyika baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine wakaenda Maskati, Dubai, Uingereza. Aliyeondoka haraka aliondoka na funguo kiunoni na kasha likabaki. Muulize shangazi aliye Oman kama ana ufunguo wa zamani asioujua ni wa nini. Akiwa nao, asiutume. Kwanza akupigie picha ukiwa juu ya karatasi, pembeni pakiwa na rula. Mchonga funguo mzuri anaweza kuanzia hapo.

Jaribu pia funguo za fanicha nyingine za zamani: kabati la nguo, meza ya kujipambia, droo za dawati. Vitasa vidogo vilitengenezwa kwa wingi na kwa aina chache, na ufunguo wa kabati la mjomba kufungua bweta la bibi si muujiza.

Lijue kufuli lako

Kuna hali tatu, na kila moja ina njia yake.

*Kufuli la kuning'inia.* Makasha makubwa ya njumu, ambayo mengi yaliletwa na majahazi kutoka Surat na Bombay, hufungwa hivi: kikono cha chuma au shaba kinashuka kutoka kifunikoni, kinavaa tumbuu iliyopigwa kwenye uso wa kasha, na kufuli linapita kwenye tumbuu. Matranka ya shule nayo ni hivyohivyo.

*Kitasa cha ndani.* Mabweta, masanduku ya vito na masanduku ya kuandikia huonyesha tundu tu. Kitasa kimezamishwa kwenye mbao, na kifuniko kina kibati chenye kulabu zinazoshikwa na ulimi.

*Namba.* Briefkesi za miaka ya 1980. Hizi ni rahisi kuliko zote. Magurudumu matatu yana namba 1,000 tu, kuanzia 000 hadi 999, na kila upande hufunguka peke yake. Jaribu kwanza 000, kisha tarakimu za miaka ya kuzaliwa, kisha namba zilizo karibu na iliyopo sasa, maana watu wengi huzungusha gurudumu moja tu wanapofunga. Zikishindikana zote, anza mwanzo ukiwa umebonyeza kitufe kwa kidole gumba. Hata ukitumia sekunde 2 kwa kila namba, upande mmoja hauzidi dakika 35. Mpe kazi hiyo kijana wa nyumbani anayelalamika hana la kufanya.

Kitasa cha ndani: hatua kwa hatua

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo penye barua nyingi. Soma mpaka mwisho kabla ya kuanza.

1. *Mulika tundu.* Tazama ndani kwa tochi. Ukiona kijiti cha chuma kimesimama katikati, kitasa kinataka ufunguo wenye bomba, yaani wenye shina lililo wazi ndani. Pasipokuwa na kijiti, ufunguo ni wa shina zito. Hilo peke yake huondoa nusu ya funguo ulizokusanya.

2. *Pima.* Chukua njiti ya ufagio wa chelewa. Pima kina cha tundu, kisha urefu wake kutoka juu hadi chini. Chora kwenye karatasi kwa ukubwa halisi. Mchoro huo ndio utakaompelekea fundi, si maelezo ya mikono.

3. *Safisha.* Vumbi, nta ya vanishi na mabaki ya wadudu hujaa tundu. Toa kwa njiti na brashi laini. Usipulize kwa mdomo, utaongeza unyevu.

4. *Lainisha, kwa adabu.* Tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani kwa sindano ya hospitali isiyotumika, yaelekee chuma na si mbao. Kama ndani pameganda mafuta ya zamani, tone la mafuta ya taa kwanza, kisha subiri usiku mzima. Usimimine. Mafuta yanayozidi hushuka ndani ya kasha na kutua juu ya karatasi au hariri, na doa hilo halitoki. Mafuta ya kula usiyaguse kabisa: huganda yakawa gundi.

5. *Jaribu funguo zako, kwa nguvu ya vidole viwili.* Kidole gumba na cha shahada, basi. Jaribu kulia, kisha kushoto. Ufunguo ukigoma, usishike koleo. Ufunguo wa zamani uliovunjikia ndani ni tatizo kubwa kuliko ufunguo uliopotea.

6. *Mwite mtu akusaidie kifuniko.* Hii ndiyo hatua isiyojulikana, nami naithamini kuliko mafuta. Ulimi wa kitasa hubanwa na uzito wa kifuniko kilichopinda, au na nguo zilizoshindiliwa zinazokisukuma juu. Msaidizi akandamize kifuniko chini kwa viganja huku wewe ukizungusha ufunguo. Haikusaidii? Asukume kifuniko nyuma, kisha mbele, kisha pembeni. Funguo “zisizoingiliana” hufungua ghafla hivyo.

Kama hakuna ufunguo hata mmoja unaoingia, kuna njia mbili za ufundi wa kweli zisizohitaji kuvunja.

Njia ya kwanza ni *spoku ya baiskeli*. Vitasa vingi vya mabweta ya bei nafuu vina chuma kimoja tu cha kuinua na ulimi wa kusukuma. Spoku iliyokunjwa ncha, ikapigwa nyundo kidogo ibapike, inaweza kufanya kazi ya ufunguo. Urefu wa ncha iliyokunjwa ni ule uliopima kwa njiti ya chelewa, kutoka katikati ya tundu la duara hadi chini ya mfereji. Tupa ndogo za sonara ndizo zinazofaa kuitengeneza, si tupa ya kunolea panga.

Njia ya pili ni *masizi*, na hii ni ya mchonga funguo au ya mtu mwenye subira kama yake. Unachukua ufunguo usiochongwa, au wenye meno makubwa kuliko yanayotakiwa, unayafukiza juu ya kibatari mpaka yawe meusi tii. Unauingiza, unaugeuza taratibu mpaka ugome, unautoa. Mahali palipogusana na kizuizi cha ndani masizi yatakuwa yamekwanguka na chuma kinang'aa. Unapitisha tupa hapohapo, kidogo. Unafukiza tena, unajaribu tena. Ufunguo huo ukimalizika umepata vitu viwili: kasha limefunguka na ufunguo mpya unao.

Tahadhari moja isiyo na mzaha: kama ulitumia mafuta ya taa kwenye tundu, usitumie masizi siku hiyo. Kibatari na mafuta ya taa karibu na mbao kavu ya miaka 100 ni moto unaosubiri.

Vitasa ambavyo hupaswi kuvichezea

Tazama maandishi kwenye bamba la kitasa. Ukisoma jina Chubb, simama. Kitasa cha aina hiyo, kilichosajiliwa Uingereza mwaka 1818, kina mtego: ukiinua vyuma vyake kupita kiasi, kwa spoku au kwa ufunguo usio wake, hujikaza kisifunguke. Kila jaribio lako baya linamwongezea fundi kazi.

Ukisoma Bramah, na tundu ni duara dogo lenye kijiti katikati na mifereji inayolizunguka, weka vifaa kabatini. Aina hii ilibuniwa 1784, na masanduku ya kuandikia ya Waingereza yalifungwa nayo mara nyingi. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Hobbs alipoifungua mbele ya wakaguzi London alitumia saa 51, zilizogawanywa katika siku 16. Naye alikuwa bingwa wa dunia wa kazi hiyo.

Kufuli la kuning'inia

Kama ni kufuli la dukani, Tri-Circle au mfano wake, sina maneno mengi: likate. Ni rahisi kuliko kumlipa mtu alichokonoe nusu siku. Ila likate namna hii:

- Tumia mkasi wa kukatia nondo au msumeno wa chuma. Ukate mkono wa kufuli, usikate tumbuu. Tumbuu ya zamani imepenya mbao na ncha zake zimekunjwa kwa ndani. Ukiing'oa inaondoka na kipande cha kasha.
- Weka ubao mwembamba au bati kati ya kufuli na uso wa kasha, msumeno ukiteleza uteleze juu ya bati.
- Grenda, hapana. Cheche zake hutoboa vanishi, na zikipenya kwenye mwanya hukuta kitambaa kilichokauka kwa miaka.

Lakini kama kufuli lenyewe ni la zamani, la shaba au la chuma kilichofuliwa kwa mkono, usilikate kwa haraka. Huenda lina thamani yake pekee, na huenda halifanyi kazi unavyodhani. Baadhi ya makufuli ya Kihindi yana tundu lililofichwa chini ya kibati kinachoteleza. Bonyeza na usukume kila pambo lililo usoni. Mengine hayana ufunguo wa kuzungusha kabisa: ufunguo wake husukumwa ndani ukabana springi, au huingizwa kwa kuzungushwa kama parafujo. Ukikuta tundu la mraba au la mstari mahali usipolitarajia, ubavuni au chini, ndilo hilo.

Kutu ikiwa ndiyo adui, lining'inize kufuli juu ya kitambaa, litone mafuta kwenye tundu na kwenye shimo la mkono wake, uligonge ubavuni kwa mpini wa bisibisi mara kwa mara kwa siku tatu au nne.

Mlango wa nyuma: bawaba na kitako

Msomaji mwerevu hugeuza kasha na kuona parafujo za bawaba. “Si nizifungue tu?” Wakati mwingine, ndiyo. Kama bawaba ni za nje na parafujo zinaonekana, zifungue, kisha inua kifuniko kidogo kwa nyuma na ukitelezeshe mbele ili kulabu zitoke kitasani. Kisiinuliwe sana, kulabu zitapinda.

Mara nyingi haiwezekani. Makasha ya zamani sana yana bawaba za pete mbili zilizoshikana, ncha zake zimekunjiwa ndani, na haziguswi mpaka kifuniko kiwe wazi. Hapo tazama kitako. Mabweta madogo huwa na ubao wa chini ulioshikwa na misumari michache au parafujo. Fundi seremala mwenye mkono mwepesi anaweza kuutoa wote mzima na kuurudisha pasionekane kitu. Kasha lilale chali juu ya blanketi, na kila msumari uwekwe kwa mpangilio urudi tundu lake. Ubao ulioshikwa kwa gundi, au uliochongewa meno ya kuumana, uacheni. Huo hautoki bila kupasuka.

Ukimwita mchonga funguo

Wapo kila mji: Kariakoo, barabara za katikati ya Nairobi, Mwembe Tayari Mombasa, chini ya mwavuli na mashine yao ndogo. Wengi ni hodari wa kunakili ufunguo ulio mkononi. Kufungua kitasa cha kale kisicho na ufunguo ni ufundi mwingine, kwa hiyo uliza.

- “Umewahi kufungua kitasa cha sanduku la zamani? Ulikifunguaje?” Akijibu “tutakitoboa tu”, mshukuru na uende kwa mwingine.
- Patana bei mbili kabla ya kazi: akifungua, na asipofungua.
- Mwambie wazi, mbele ya mtu: hakuna kutoboa, hakuna kuchokoa mwanya wa kifuniko, bila ruhusa yako.
- Bweta dogo lipeleke kwake na ukae hapo. Kasha kubwa, aje nyumbani mkiwa zaidi ya mmoja.
- Usirushe picha ya tundu na ya kasha kwenye makundi ya simu ukiomba ushauri. Unatangaza kwamba nyumbani kwako kuna sanduku la zamani na hamjui kilichomo.

Fundi mwaminifu naye atakuuliza wewe kasha ni la nani. Usichukie.

Makosa yanayorudiwa

- Bisibisi kwenye mwanya wa kifuniko. Nimeshalisema, nalisema tena.
- Kuminyia gundi kali kwenye ufunguo bandia “ili uchukue umbo”. Unakiua kitasa.
- Kutoboa shimo karibu na tundu ili kuchungulia. Kamera nyembamba za simu zipo. Zipitishe kwenye ufa uliopo tayari, na kama hakuna ufa, vumilia.
- Kumwaga mafuta ya breki kwa sababu gereji hutumia. Yanakula vanishi.
- Kulazimisha masika. Kasha lililogoma Aprili huenda likakubali Januari, kaskazi ikiwa imelikausha.

Likishafunguka

Usifunge tena! Vitasa vingine hujifunga vyenyewe kifuniko kikishuka, na kazi yote hurudi mwanzo. Weka kipande cha mbao kwenye ukingo mpaka mambo haya yawe yamekwisha.

Fungua madirisha, vaa barakoa, acha hewa itoke. Vidonge vya kufukuzia nondo na ukungu wa karatasi si vitu vya kuvuta puani. Ukikuta risasi au silaha, usiiguse, waite polisi. Dawa zilizoisha muda usizionje wala usizimwage shimoni. Zipeleke duka la dawa.

Karatasi zilizokunjwa na kukauka usizikunjue kwa nguvu. Zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu usizione ni hirizi tu: zinaweza kuwa mauziano ya shamba au wakfu. Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani, Unguja, zimehifadhi karatasi nyingi za namna hiyo, na ni mahali pa kuuliza.

Sarafu usizisugue kwa ndimu na majivu. Wanunuzi wanaojua hupunguza bei kwa sarafu iliyosuguliwa. Na usishangilie mapema: reali ya Maria Theresa imeandikwa 1780 hata kama ilipigwa karne mbili baadaye, kwa hiyo mwaka huo haukuambii umri wake. Rupia za Zanzibar zilikoma kutumika mwaka 1936 shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi, nazo heleri za Wajerumani ni za 1904 hadi 1916. Hizo angalau zinakusaidia kukisia kasha lilifungwa lini.

Chungulia kijisanduku kidogo kilicho ndani, ubavuni. Makasha mengi ya njumu yana kibao cha mbele cha kijisanduku hicho kinachovutwa juu, na nyuma yake vidroo vya siri. Kivute kwa kucha, taratibu. Watu wameuza makasha na vito vya bibi zao vikiwa bado vimo.

Na kabla ya kuuza kwa mgeni anayetaka kusafirisha, uliza idara ya mambo ya kale. Kwa sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya 1863 ni malikale, na hakitoki nchini bila kibali.

“Lakini mimi…”

*“Lakini nina haraka, ndugu wamesafiri kutoka mbali.”* Wakate kufuli la dukani, sawa. Kitasa cha ndani hakijali tiketi ya mtu. Kama ni wosia unaotafutwa, mwite fundi leo na aanzie hatua ya sita.

*“Lakini gharama ya fundi inazidi thamani ya kasha.”* Kwa tranka la bati, kweli. Kwa kasha la msaji lenye njumu, uliza bei zake Mji Mkongwe au Lamu kwanza, ndipo uzungumze juu ya gharama.

*“Lakini ndani hamna kitu.”* Basi una sababu zaidi ya kulinda mbao. Kasha lenyewe ndilo urithi.

Ufunguo mpya

Kitasa kikiwa wazi, parafujo zake za ndani sasa zinafikika. Kitoe, mpelekee mchonga funguo mkononi, aone vyuma vyake. Kazi iliyokuwa ya siku nzima itakuwa ya saa moja. Akirudisha, kijaribu mara kadhaa kifuniko kikiwa juu, ulimi ukitoka na kurudi bila kusita, kabla ya kukishusha.

Agiza funguo mbili siku hiyohiyo. Mmoja uandikie kibandiko chenye jina la kasha, si “ufunguo” tu. Wa pili mpe ndugu anayekaa nyumba nyingine, na umwambie mwenzako wa nyumbani amepewa nani.